Kome anayeishi kwa gesi, na meli iliyotia nanga Dar mwaka 1899

Umewahi kushuka shimoni Kariakoo? Naongelea lile jengo la soko kuu lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye sakafu nzima chini ya ardhi. Kabla ya moto wa Julai 2021, ukishuka zile ngazi unaliacha jua juu, huko chini mnaonana kwa taa. Lakini hata mle gizani, kila chakula kilikuwa kazi ya jua. Mchele ni jua. Maharage ni jua. Dagaa naye ni jua tu: amekula vijidudu vya majini, vijidudu vimekula mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo imekula mwanga. Tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, kwamba mnyororo wa chakula unaanza na jua, na karibu mara zote ni kweli.

Sasa ziangalie zile taa. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo inasafiri kwa bomba hadi Ubungo na kugeuzwa umeme, na mwaka 2015 likaongezeka bomba kubwa kutoka Mtwara. Kwa hiyo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mwanga uliowaka Kariakoo ilikuwa gesi ya kusini, iliyotoka chini ya visiwa na fukwe za huko. Bajaji inayokupeleka Mnazi Mmoja, kama ina mtungi wa gesi asilia, inakunywa gesi hiyohiyo. (Mtungi wa kupikia nyumbani ni kitu kingine: ile ni propani na butani, inaletwa kwa meli. Watu wanachanganya sana hizi mbili.) Gesi asilia yetu ni methani, zaidi ya asilimia 95.

Nimeanza na methani kwa sababu kuna mnyama wa baharini anayeishi kwa hiyo methani. Haichomi, wala haitumii kama sisi. Anaila. Au, kusema kwa usahihi zaidi, anafuga wanaoila.

Mnyama huyo ni kome, ndugu wa wale kome wanaogandia miamba, wenye gamba la vipande viwili linalofunguka na kufunga kama kitabu. Ila huyu haishi pwani. Anaishi mamia hadi maelfu ya mita chini, kwenye giza totoro, mahali ambapo methani inavuja polepole kutoka kwenye sakafu ya bahari. Maji ya hapo ni baridi kama maji mengine ya kina hicho, ndiyo maana wanasayansi wanapaita mivujo baridi, kupatofautisha na yale matundu yanayotapika maji ya moto kwenye nyufa za ardhi. Ndani ya matamvua yake, yaani ndani ya seli zenyewe, kumejaa bakteria. Bakteria wanachukua methani na oksijeni, wanapata nguvu, wanatengeneza mwili. Kome anapata chakula kutokana na wanachovujisha, na wengine anawameng'enya kabisa.

Kisa ninachotaka kukusimulia ni cha jinsi tulivyomkosa kome huyu kwa miaka themanini, na kinapita hapahapa mjini Dar.

Rudi nyuma hadi 1897. Dar es Salaam ni makao makuu ya koloni la Wajerumani tangu 1891. Pale ufukweni, hospitali ya Ocean Road ndiyo kwanza imekamilika. Mwaka huohuo anaingia mjini Robert Koch, mtu maarufu kuliko wote duniani katika habari za bakteria. Ndiye aliyekuwa ameonyesha bakteria wa kimeta mwaka 1876, wa kifua kikuu 1882, na baadaye kidogo wa kipindupindu. Alitokea India kwenye tauni, akaja huku kuchunguza malaria na magonjwa ya mifugo, akaondoka 1898.

Haikupita hata mwaka. Machi 1899 ikaingia bandarini meli ya mvuke iitwayo Valdivia. Kutoka sitaha yake ungeliona Kanisa la Mtakatifu Yosefu likiwa bado linajengwa. Lilianza 1897 na kukamilika 1902. Mkwawa alikuwa amekufa Mlambalasi, Iringa kule, miezi minane tu kabla. Jina la Kariakoo lilikuwa halijazaliwa. Lingekuja baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916 na kuweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, na midomo ya watu ikalilainisha mpaka likawa letu.

Valdivia haikuja kuchukua katani wala pembe. Ilikuwa imebeba wanasayansi wakiongozwa na Carl Chun, profesa wa zoolojia kutoka Leipzig, na ilikuwa imeondoka Hamburg katikati ya 1898 kwa kazi moja: kushusha nyavu kwenye kina kirefu cha bahari na kuona kinachotoka. Ilipofika Dar ilikuwa imeshashuka Atlantiki yote, imekaribia barafu za kusini mwa dunia, imekatiza hadi Sumatra, Ceylon na Shelisheli. Ndani yake mlikuwa na chupa kwa chupa za viumbe ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona. Mmojawapo ni mnyama mweusi-mwekundu kati ya pweza na ngisi, ambaye mwaka 1903 Chun alimpa jina la Kilatini lenye maana ya ngisi mnyonya damu wa kuzimu. (Hanyonyi damu ya mtu, masikini. Anakula uchafu unaoelea.) Kutoka Dar meli ilipita Zanzibar, ikafuata pwani ya Somalia hadi Aden huku ikiendelea kushusha nyavu, na Mei 1899 ilikuwa imesharudi kwao.

Kwa hiyo ndani ya miaka miwili mji mmoja mdogo ulipokea bingwa wa bakteria na bingwa wa kina cha bahari. Walipishana kwa miezi kumi hivi. Wangekutana kwenye baraza moja wangeongea nini? Nadhani wangeongea homa.

Maana yake ni kwamba vipande vyote vilikuwa vimeshapatikana, na hapa ndipo panaponiuma kama mwanafunzi. Tuvuke kidogo hadi Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa mji wa Ujerumani. Mwaka 1879 profesa wa mimea wa huko, Anton de Bary, alikuwa ameeleza neno jipya la viumbe wa aina mbili wanaoishi pamoja kwa kushikana: simbiosisi. Mwaka 1885 akaja kwenye maabara yake kijana Mrusi, Sergei Winogradsky, akaanza kuchunguza bakteria wanaoishi kwenye maji yanayonuka yai viza. Mwaka 1887 akatangaza jambo zito: bakteria hawa wanapata nguvu zao kutoka kwenye ile gesi inayonuka, haidrojeni salfaidi. Kumbe kiumbe anaweza kujiendesha kwa kemikali, bila mwanga. Aliyelieleza neno la kuishi pamoja na aliyegundua ulaji wa gesi walikuwa chini ya paa moja. Na mwaka 1906, huku kwetu vita vya Maji Maji vikiwa vinawaka, Mholanzi Nicolaas Söhngen akapata bakteria anayekula methani.

Unganisha mwenyewe: kuna bakteria wanaokula gesi, kuna viumbe wanaoishi ndani ya viumbe wengine, kuna meli zinazofika chini kabisa. Bado kome wa methani hakujulikana mpaka miaka ya 1980. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni nyavu. Kushusha wavu kilomita mbili au tatu kwa kamba ya chuma ni sawa na mtu kukaa kwenye helikopta juu ya mawingu, akakokota ndoano Dar nzima ili ajue Kariakoo kuna nini. Mivujo ni vipande vidogo mno kwenye sakafu kubwa mno. Wavu unaweza kupita pembeni mara elfu. Na hata ukibahatika, kinachofika juu ni mnyama aliyekufa, bila mahali alipokuwa amekaa.

Ya pili ni ile imani kwamba huko chini wanaishi kwa makombo. Na ni kweli, wengi wanaishi kwa mabaki yanayodondoka kutoka juu, taratibu, kama vumbi. Nadharia ikishakuwa sahihi kwa asilimia kubwa, inakuwa ngumu kuona pale isipofanya kazi.

Ya tatu mimi naipa uzito kuliko zote. Kwa kizazi cha Koch bakteria alikuwa adui. Kazi yote, fedha yote, heshima yote ilikuwa kumsaka na kumuua, na haki yao kabisa. Watu walikuwa wanakufa. Lakini mtu aliyezoea hivyo, akiona bakteria ndani ya seli ya mnyama, atawaza ugonjwa. Hatawaza jiko.

Angalia pia namna makombe yalivyoshughulikiwa. Matokeo ya safari ya Valdivia yalichapishwa kuanzia 1902 hadi 1940, na juzuu ya makombe ya vipande viwili ilitoka 1931, Dar ikiwa imeshabadilisha bwana, iko chini ya Waingereza. Miaka thelathini na mbili! Kombe lilikuwa likitambuliwa zaidi kwa gamba lake: umbo, meno ya bawaba, mistari. Nyama ya ndani, ambako siri ilikuwepo, haikuwa na mengi ya kumwambia mpanga majina.

Mambo yalibadilika Februari 1977, tena kwa bahati. Wanajiolojia Wamarekani walikuwa wanatafuta maji ya moto kwenye sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, wakitumia chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin. Kwenye kina cha mita 2,500 hivi wakakuta maji vuguvugu yaliyozungukwa na bustani: makombe makubwa, kome, minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu. Kwenye msafara hapakuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Dawa ya kuhifadhia viumbe ilikuwa kidogo, ikabidi watumie na vodka ya Kirusi waliyoinunua Panama. Na walipofungua chupa za maji waliyoyaleta kutoka chini, meli yote ikanuka yai viza.

Wewe harufu hiyo unaijua. Pita daraja la Selander maji yakiwa yamekupwa, pale Mto Msimbazi unapokutana na bahari kati ya mikoko. Tunasema ni maji machafu, na machafu yapo, ila sehemu ya harufu ile ni haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye tope lisilo na hewa. Tope la mikoko lina harufu hiyo hata pasipo na mji.

Ile minyoo ikaleta kitendawili. Haikuwa na mdomo, haikuwa na utumbo. Inakulaje? Mwaka 1980 mtaalamu wa minyoo, Meredith Jones, alikuwa anatoa mhadhara Chuo Kikuu cha Harvard, akataja kama jambo la pembeni kwamba ndani ya mnyoo kulikuwa na chembechembe za salfa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamivu, Colleen Cavanaugh, akasimama palepale: basi lazima ndani kuna bakteria wanaokula salfaidi na kumlisha mnyoo! Jones hakushawishika mara moja, ila alimpa kipande cha mnyoo. Cavanaugh akakiangalia kwa hadubini, akawakuta. Makala ilitoka 1981. Naomba wenzangu tunaokaa viti vya nyuma kwenye semina tukiogopa kuuliza tuikumbuke hiyo siku.

Baada ya hapo milango ikafunguka kama ya Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 1984 Alvin, tena ikiwa na wanajiolojia, ikashuka zaidi ya mita 3,200 chini ya jabali la bahari la Florida, ikakuta bustani kama ile ya Galápagos. Ila hapa maji yalikuwa baridi. Hapakuwa na volkano, hapakuwa na moto wowote. Joto, kumbe, halikuwa sharti. Sharti lilikuwa gesi. Na mwaka 1986 timu ya James Childress na Charles Fisher ikatangaza kome wa Ghuba ya Meksiko wanaoishi kwa methani. Walimweka kome kwenye chombo kilichofungwa, chenye maji ya bahari na methani, wakapima: gesi ikapungua. Wakapima na kaboni ya mwili wake. Kaboni ina aina nyepesi na aina nzito kidogo, na methani ina upungufu mkubwa wa ile nzito. Nyama ya kome ikawa na upungufu huohuo. Ni kama kumkamata mtu kwa harufu ya alichokula. Na ndani ya matamvua, hadubini ikaonyesha bakteria wenye utando uliopangwa tabaka kwa tabaka, alama ya walaji wa methani.

Kuelewa kwa nini bakteria wanahitaji kome na si kuishi wenyewe, fikiria fremu ya Kariakoo. Watu wanalipa kilemba cha mamilioni kwa chumba kidogo, si kwa sababu ya kuta, ni kwa sababu ya mahali: hapo mzigo wa bandarini unakutana na mteja wa mikoani. Bakteria naye ana shida ya mahali. Methani inatoka chini, oksijeni iko kwenye maji ya juu, na vitu hivyo viwili vinakutana kwenye ukanda mwembamba sana. Kome ana gamba la kumkinga, ana misuli, ana pampu ya kuvuta maji. Anakaa mpakani na kupitisha vyote viwili juu ya matamvua mchana na usiku. Anatoa fremu, anapokea kodi ya chakula. Kome wengine wana wapangaji wa aina mbili, wa methani na wa salfaidi, ili bidhaa moja ikipungua nyingine iendelee. Tena kome hajafunga mdomo kama yule mnyoo. Utumbo anao, akipata makombo anachuja. Mfanyabiashara kamili.

(Angalizo, kabla hujaniandikia: si kweli kwamba kome huyu hana deni lolote kwa jua. Oksijeni anayotumia ilitengenezwa na mimea huku juu.)

Na Afrika? Jirani zetu upande wa Atlantiki wana mvujo mkubwa sana uitwao Regab, kwenye kina cha mita 3,160 hivi mbele ya mdomo wa Mto Kongo, uliochunguzwa na Wafaransa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuna kome, kuna makombe, kuna minyoo. Kwenye Bahari ya Hindi, Wajapani walifika mwaka 2000 kwenye matundu ya moto ya Kairei, mashariki ya mbali ya Madagaska, wakakuta kome wa ukoo huohuo. Mwaka uliofuata akapewa jina lenye maana ya wa Bahari ya Hindi.

Kwetu kina kirefu kilianza kutafutwa kwa dhati 2010, na waliotafuta walikuwa wanataka gesi. Kisima cha kwanza kupata kilipewa jina Pweza. Kikafuata Chewa. Mwaka 2011 kikaja Chaza. Mwaka 2012, kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,500, ikapatikana Zafarani. Haya majina ya viumbe nayapenda, lakini yananichekesha kidogo: tumeita kisima cha methani jina la mnyama mwenye gamba la vipande viwili, huku mazungumzo yote yaliyofuata, kuanzia maandamano ya Mtwara ya 2013 mpaka mpango wa kiwanda cha kusindika gesi Lindi, yakiwa ya futi za ujazo, mabomba na mgawanyo. Nayo yana haki yake. Gesi ni ya wananchi na kuna watu walikufa kwa ajili ya swali hilo. Ila mvujo kwa mtafuta gesi ni dalili tu, kama moshi unaomwambia mpita njia kwamba humu ndani wanapika. Anaandika mahali, anaendelea. Kamera zile zinazoshushwa kukagua sakafu kabla ya kuchimba zinafika mahali ambapo nyavu za Chun zingepita elfu bila kugusa. Swali ni nani anakaa mbele ya skrini. Mwaka 1977 walikaa wanajiolojia, tukapona kwa vodka. Mimi ningependa safari hii akae na mwanabiolojia wa Kitanzania, na kipande cha sakafu ile kibaki kwenye maabara zetu na si kwenye chupa ya Leipzig.

Kama huna Alvin, kuna ndugu wa mbali wa kisa hiki unayeweza kumfikia kwa miguu. Kwenye nyasi za baharini za pwani yetu anaishi kombe mweupe, duara, karibu kama kiganja, nje ana mistari inayokatana kama wavu, ndani ana umanjano na wekundu kidogo kwenye ukingo. Linnaeus alimpa jina la Kilatini mwaka 1758. Leo anaitwa Codakia tigerina. Mwaka 1983 Cavanaugh alionyesha kwamba makombe wa ukoo huu, wanaojizika kwenye tope linalonuka, wamebeba bakteria wa salfaidi kwenye matamvua yao. Salfaidi ni sumu kwa mizizi ya nyasi. Kombe na bakteria wake wanaiondoa, nyasi zinastawi, samaki wadogo wanapata pa kujificha. Hao samaki baadaye unawakuta Feri, wamepangwa kwenye meza.

Gamba lake linaokotwa ufukweni maji yakikupwa. Mara nyingi ukiliokota ni tupu, limesuguliwa na mchanga, na watoto wanalitumia kuchotea maji kwenye mchezo wao wa kupikapika.